Bakuli la Akimana

"Kizito, toa muguu yako mu sahani!"

Mguu haukuwa sahanini. Ni goti tu lililopanda ukingo wa ile sahani kubwa ya bati, lakini mchuzi wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, ulikwisha kuanza kutiririka mkekani, na Consolée hakuwa na nafasi ya kuchagua maneno. Mkono mmoja ulikuwa kwenye sufuria, wa pili ulikuwa unamnyang'anya Dorine mwiko asimpige nao kaka yake. Nyumbani kwake, pale Kilibula mjini Uvira, jioni zote zilikuwa hivyo. Bugali ukiepuliwa tu kwenye mbabula ya makaa, watoto waliruka kama watu waliofungiwa tangu asubuhi. Chadrack, wa miaka tisa, aliwahi upande wenye samaki. Dorine, wa miaka saba, alimshtaki. Kizito, wa mitano, alilia kabla hajaguswa, ili kesi yake isikilizwe kwanza.

Wa nne alikuwa Akimana, naye hakulia wala hakushtaki. Alikuwa mtoto wa Libérate, mdogo wake Consolée aliyefariki mwaka uliopita, na umri wake ni miaka minne. Alikaa pembeni mwa mkeka amekunja miguu, mkono ameunawa vizuri, akitazama mikono ya wenzake ikienda na kurudi. Mara moja moja alimega kitonge. Sahani ilipobaki tupu alifuta mchuzi kwa kidole, akalamba, akasema, "Asante, mama," neno ambalo wale watatu hawakuwahi kulitamka hata siku ya Noeli.

"Umeshiba?"

"Nimeshiba."

Consolée alilipenda jibu hilo. Alikuwa mwanamke wa haki, na haki yake ilikuwa rahisi kueleweka: sufuria moja, mkeka mmoja, sahani moja. Kwao, na kwa majirani pia, mtoto wa marehemu akitengewa sahani watu hawaulizi kitu tena. Wameshajua kwamba nyumba hiyo imemkataa. Tangu siku bibi mzaa baba alipomleta msichana huyo kutoka bonde la Ruzizi, wakati milio ya bunduki ilipozidi huko, Consolée aliapa kwamba hakuna jicho litakalomwona Akimana akila peke yake. Akishapakua, alimpelekea mumewe chakula mezani, kisha akarudi uani kukwangua sufuria na kula kilichobaki. Hakukaa kuwatazama watoto. Mwanamke gani mwenye vyombo vya kuosha na nguo za kuanua hukaa kutazama watoto wakila?

&nbsp;

Siku ya kupima uzito, kituo cha afya kilijaa akina mama mpaka kwenye ngazi. Consolée aliwapeleka wawili, Kizito na Akimana. Muuguzi aliitwa Josée, mama mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Alimzungushia Kizito mkononi ule utepe wa rangi tatu wa kupima unene wa mkono, ukaonyesha kijani. Akamzungushia Akimana. Akaukaza, akaufungua, akauzungusha tena, kama anayetumaini kwamba utepe ndio uliokosea.

"Nyekundu," alisema, wala hakuishusha ile sauti yake. "Hii mutoto ni ya nani?"

"Ni ya kwangu."

"Na hii ingine?"

"Pia ni ya kwangu."

Josée akamtazama Kizito, mashavu yamemjaa, kisha akaitazama shingo ya Akimana. "Banakala mu nyumba moja?"

"Ni mutoto ya mudogo yangu. Mama yake alikufa."

Benchi zima likageuka. Kisha mwanamke mmoja nyuma akasema "Ee," ile ee ya kwetu isiyohitaji neno lingine la kuisaidia. Consolée alihisi macho yao yakimshuka mgongoni, yakipima kitenge chake, nyama ya mikono yake, na nyama ya mwanawe wa kumzaa.

"Simunyimake kitu, dada," alisema. "Anakulaka na benzake, sahani moja, kila siku."

"Na nani anamutazamaka wakati anakula?"

Consolée alikumbuka vyombo vyake na nguo za kuanua.

"Mupatie sahani yake," Josée akasema. "Yake peke. Na ukae naye mpaka amalize. Akiendelea hivi, hatamaliza hii mvua. Unanisikia?"

Alisikia. Na wengine wote walisikia. Alipewa pakiti za karanga zilizosagwa, akazifunga kwenye pindo la kitenge, akatoka akiwa ameinamisha kichwa. Njiani alifungua pakiti moja akampa Akimana. Alipogeuka kumngojea Kizito aliyekuwa akiburuta miguu, pakiti ilikuwa mdomoni mwa Kizito.

"Nani alikupatia?"

"Ni yeye!"

Akimana akakubali kwa kichwa, bila kinyongo chochote.

&nbsp;

Jioni hiyo Consolée hakurudi kwenye sufuria. Alivuta kigoda akakaa karibu na mkeka, akatazama.

Aliyoyaona yalikuwa yakitokea kila siku hatua chache nyuma ya mgongo wake. Chadrack alifinyanga tonge la ukubwa wa ngumi, na kabla halijapita kooni la pili lilikuwa tayari. Dorine alichambua samaki akawaficha chini ya bugali, upande wake. Kizito alikula kwa mikono yote miwili, huku akilia kwamba anaonewa. Mkono wa Akimana ulianza kunyanyuka, akamwona Kizito ananyosha wake, akaurudisha mapajani. Ukanyanyuka tena. Chadrack akanyosha wake, ukarudi tena. Hakuna aliyemsukuma, hakuna aliyemnyima. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mtoto huyu alikuwa akingoja kila jioni katikati ya nyumba yenye macho kumi na mbili. Consolée aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Alimwendea mumewe mezani. Eugène alikuwa seremala, karakana yake iko Kasenga, mtu mpole asiyepandisha sauti hata kwa wateja wakorofi. Siku hiyo aliipandisha.

"Mutoto ya Libérate ale peke yake? Mu nyumba yangu?"

"Ni muganga ya pale kituo njo alisema."

"Muganga hana majirani?" Aliisukuma sahani yake. "Weye haujue ile kintu, Consolée. Minye naijua. Mama wa kambo alinipatiaka kasahani kangu. Benzangu kule, minye huku, karibu na mbuzi. Na bugali ilikuwa mingi, unasikia? Ilikuwa mingi kupita ya benzangu. Kila siku nilikuwa naikula na machozi."

Walikuwa wameoana miaka kumi na moja na hakuwahi kumwambia hilo. Consolée alimhurumia, lakini huruma yake jioni hiyo ilikuwa na mahali pengine pa kwenda.

"Sasa tufanye namna gani? Tumuzike, bantu baone kama tulimupenda?"

Eugène aliinuka mezani. Alitoka nje, akasimama kwenye giza la uani mpaka watoto walipolala. Kesho yake alirudi kutoka kazini na bakuli la bati lililochorwa maua mekundu, zuri kupita chombo chochote cha nyumba hiyo. Aliliweka mezani.

&nbsp;

Bakuli lile lilileta balaa lake.

"Juu ya nini yeye peke?" Dorine aliuliza.

"Juu iko mugonjwa," Chadrack akamjibu, mdomo umejaa.

"Na minye niko mugonjwa!" Kizito akapiga kelele, akajitupa chini kuonyesha jinsi anavyoumwa, na teke lake likaipindua ndoo ya maji ya kunawa. Maji yakapita chini ya mkeka, Dorine akaruka na sombe, majani ya muhogo, mkononi, sombe ikamwangukia Chadrack kichwani, na kwa muda ikawa haijulikani nani anapigwa na nani anapiga.

Katikati ya hayo Akimana alikaa ameegemea ukuta, bakuli mapajani, hajagusa kitu. Alikuwa amewekewa yai zima la kuchemsha, ambalo wenzake walikwisha kulililia.

"Kula, mama," Consolée alimbembeleza. "Hii yote ni yako."

Akimana alimtazama, akawatazama wenzake, akatulia. Consolée alimtia tonge mdomoni. Mtoto akalipokea kwa adabu, akaliweka shavuni, likakaa humo. Wale watatu walipomaliza na kukimbia, alianza kula kidogo kidogo bugali uliokwisha kupoa, na baada ya matonge machache usingizi ukamchukua akiwa ameketi. Yai alilibakiza. Alimbakizia Kizito.

Kesho yake ikawa hivyo, na keshokutwa yake. Consolée alibembeleza, akaimba, akaahidi biskuti, na mwisho, Mungu amsamehe, akaanza kugomba. "Kula! Unataka bantu baseme nilikuua? Kula, nasema!" Akimana alitokwa na machozi kimya kimya, tonge shavuni. Sauti ya Consolée ilivuka uzio wa miti, na upande wa pili wa uzio alikaa Blandine, mwanamke asiyependa habari impite bila kumsalimu. Blandine alichungulia. Alimwona yatima ametengwa ukutani na kibakuli chake, analia, na mama yake mkubwa amesimama juu yake akifoka. Alichokiona kilikuwa kweli, na ndiyo maana kilisafiri haraka. Kesho yake sokoni aliwasimulia wanawake wa bondeni waliokuja na mihogo, nao waliporudi kwao walikuwa wamebeba habari hiyo pamoja na chumvi na sabuni.

&nbsp;

Domitille aliingia uani Jumamosi jioni, mkeka ndio kwanza umetandikwa, mfuko wa viazi vitamu kichwani. Alikuwa bibi yake Akimana, mama wa baba yake, mjane wa bondeni, mrefu, amenyooka kama mchi, na Kiswahili chake kilikuwa na uzito wa Kirundi. Consolée alikimbia kumpokea mzigo, akapiga goti.

"Karibu, mama. Karibu sana. Ungetutumia habari."

"Mutu anatumaka habari mbele ya kuona mujukuu wake?"

Akimana alikwenda akamkumbatia magoti. Domitille akampapasa kichwa, akampapasa mabega, vidole vikakaa kwenye mifupa ya mabega kwa muda mrefu. Akaletewa kiti na maji ya kunawa. Hakunawa.

"Nitakula kwa bantu ya kanisa, kule Kasenga. Njo kule nalala."

Mgeni aliyetoka mbali akikataa chakula chako kingali motoni, amekwisha kukuhukumu. Consolée alilielewa hilo, akapakua hivyo hivyo, maana watoto hawajui hukumu na njaa yao ilikuwa pale pale. Aliiweka sahani kubwa katikati ya watatu. Kisha, kwa kuwa hakutaka kumdanganya mama yule wala kumdanganya muuguzi, aliweka bakuli la maua mbele ya Akimana.

"Kumbe ni kweli," Domitille alisema.

"Mama, ngoja nikuambie..."

"Funga bintu yake."

Eugène alitoka ndani, kofia mkononi. "Mama, tukae kwanza, tuongee."

"Nitaongea na weye nini? Mutoto ni ya mwana wangu. Nilibaachia, sikubauzishia." Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. "Niliona nyumba ya mama mukubwa yake, nikasema Mungu amesaidia. Kumbe munamukulisha sawa mubwa, pembeni."

"Muganga njo alisema!" Consolée akalia. "Mama, alipimwa, iko mu nyekundu. Huku kuna centre ya afya, kuna dawa. Kule kwenu centre ilifungwa, weye mwenyewe unajua. Ukimupeleka atakufa."

"Akufie kwa bale banamupenda."

Consolée alijishika kifua. Angeweza kusema mengi, juu ya nyimbo, biskuti na usiku alioamka kumgusa mtoto aone kama bado anapumua. Alichoweza kusema kilikuwa kifupi.

"Muulize mwenyewe. Mbele yangu. Muulize kama namunyimaka."

Domitille aliinuka kitini, akashuka polepole mpaka chini, magoti yakilia, akakaa mkekani kando ya mjukuu wake. Akalitazama bakuli. Akaona bugali, akaona ndagala walivyojaa, akaona yai, na uso wake ukabadilika kidogo, kwa sababu jicho la mama halishindwi kupima chakula. Alimega tonge akaliweka kwenye kiganja cha Akimana.

Mtoto akalishika. Hakulipeleka mdomoni. Macho yake yalikuwa upande wa pili wa mkeka, ambako wale watatu, kwa mara ya kwanza katika historia ya nyumba hiyo, walikuwa wametulia, mikono hewani.

"Mbona huli?" Domitille alimuuliza kwa Kirundi. Uvira ni mji wa mpakani, na hapakuwa na mtu mzima pale asiyekisikia Kirundi.

"Wenye nyumba hawajamaliza," Akimana akajibu.

"Nani alikuambia hivyo?"

Mtoto alimtazama bibi yake kwa mshangao, kama aliyeulizwa jina lake na mtu anayelijua.

"Ni wewe, koko."

Domitille aliweka mkono mdomoni. Siku ile ya kumleta, kabla hawajaingia uani, alichutama akamfunga mtoto kitenge vizuri, akamfundisha yale ambayo kila mama wa bondeni humfundisha mtoto anayekwenda kwa watu. Usinyoshe mkono mbele ya wenye nyumba. Ngoja wamalize. Wakikuuliza, sema umeshiba. Ni adabu ya siku moja, ya harusi au ya kumtembelea shangazi, na mtoto akirudi kwao jioni hula mpaka akavimba. Akimana hakurudi kwao jioni ile, na hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba ugeni wake umekwisha.

Consolée alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama. Iliuma kuliko ile ee ya benchi. Muda wote huo mtoto alikuwa akimwita mama, na muda wote huo tumboni mwake alikuwa mgeni, akihesabu hii kuwa nyumba ya watu, akingoja kwa heshima na kukonda kwa heshima. Kwa nini hakuona? Alikuwa amempa sahani, akampa bakuli, akampa yai, na hakuwahi kumpa lile neno moja alilokuwa akilingoja.

Wala sasa si yeye aliyeweza kumpa. Neno lililofungwa na mama mzee lilipaswa kufunguliwa na mama mzee, na watu wazima wote watatu walijua gharama yake. Mtoto ni wa ukoo wa baba. Domitille akimtamkia kwamba hapa ni kwao, tena mbele ya Eugène na mkewe, hatakuwa tena na mlango wa kurudia kumdai. Mwanawe, baba wa Akimana, alishuka kwenye machimbo ya dhahabu miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo hapakuja salamu. Huyu aliyekaa na tonge kiganjani ndiye pekee aliyekuwa amebaki wa damu yake.

Domitille angeweza kumbeba. Kule bondeni mtoto angekuwa mwenye nyumba, na angekula, siku ambazo chakula kingekuwepo. Aliangalia mkono wa Akimana, akauzungushia kidole gumba na cha shahada. Vilikutana, vikapitana.

"Sikiliza, mwana wangu," alisema, sasa kwa Kiswahili, ili wenye nyumba wasikie. "Ile maneno nilikuambia ni ya kwa bantu. Hapa si kwa bantu. Hapa ni kwenu. Huyu ni mama yako, ule ni baba yako. Mwenye nyumba ni weye."

"Na kule kwetu?"

"Kule ni kwangu minye." Alimsogezea bakuli. "Kule ni kwangu peke. Kula."

Akimana alilitazama tonge. Akalitia mdomoni, akatafuna, akameza. Akamega jingine mwenyewe. Kisha akaliacha bakuli, akanyosha mkono mpaka kwenye sahani kubwa, akachukua ndagala wote ambao Chadrack alikuwa amewatenga upande wake.

"Mama! Anakamata yangu!"

Dorine alicheka mpaka akapaliwa. Kizito aliona nafasi, akapitisha mkono, akalinyakua yai, na Akimana akapiga ukelele ambao nyumba ile haikuwahi kuusikia kutoka kwake, akamrukia na mikono yake yenye mchuzi. Mkeka ukajikunja. Chumvi ikamwagika. Eugène alisimama na kofia yake mkononi, hajui amshike nani. Consolée alipaswa kugomba, lakini alijifunika uso kwa kitenge akalia kwa sauti, mabega yakimtikisika.

Alipofuta macho, Domitille alikwisha kuinuka. Viazi vitamu alivimwaga taratibu karibu na mbabula, akakunja mfuko, akauweka kwapani. Alitembea mpaka kwenye lango. Hapo alisimama, akakifungua kitenge chake kilichokuwa kimefungwa vizuri, akakifunga tena, huku akitazama mkekani, anangoja mtoto ageuke.

Consolée alifungua kinywa amwite Akimana aje kumuaga koko yake, maana ndiyo adabu. Mama mzee akamtikisia kichwa kwamba amwache. Mtoto alikuwa bado anakula.